Hofu ya Ghafla: Vichocheo Vyake na Hukumu ya Sala ya Anayepatwa Nayo



Suala hili tuliulizwa Ushongo, wilayani Pangani, baada ya sala ya Isha. Muulizaji ni mvuvi. Ngalawa yake ilipinduka wakati wa kusi, akaokolewa. Tangu hapo, upepo ukivuma kwenye minazi moyo humwenda mbio, kifua hubana, vidole hufa ganzi, naye huona mauti yamemfika. Siku moja yalimkuta safuni, katikati ya sala ya Ijumaa. Hakurudi tena, na majirani wakasema ana jini la bahari.

Madaktari huiita hali hii shambulio la hofu. Mwili humuandaa mtu kukimbia au kupambana pasipo na hatari yoyote: adrenalini humwagika katika damu, pumzi huenda kasi kupita haja, hewa ya kaboni hupungua mwilini, na hapo ndipo ganzi na kizunguzungu hutokea. Hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Hakuui, japo mwenyewe huapa kuwa anakufa.

Kichocheo huweza kuwa sauti, harufu au mahali panapokumbusha tukio, msiba, kukosa usingizi, kahawa kali, mirungi. Na wakati mwingine hakionekani kabisa. Anayepatwa kwa mara ya kwanza apimwe, kwani maradhi ya moyo, pumu na tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana.

Sisi Wazanzibari tunakumbuka mwaka 1995. Hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakilala nje makundi kwa makundi. Wengi walisimulia kukaliwa kifuani wakiwa macho, wasiweze kujisogeza. Wazee wetu hali hiyo waliijua kwa jina la jinamizi: akili imeamka, mwili bado umelala. Si shambulio la hofu, lakini huandamana nalo, kwa sababu mwenye hofu halali, na asiyelala huzidi kupatwa na jinamizi. Unguja umati ulimuua mgonjwa wa akili ukidhani ndiye Popobawa. Hayo ndiyo madhara ya kuhukumu kabla ya kuuliza.

Majini tunayaamini. Lakini si kila moyo unaodunda umeguswa na jini. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika juu ya hofu na fazaa kama maradhi ya nafsi yenye tiba, wala hakuonekana kwa hilo kuwa amepungukiwa na imani. Ruqya ya kisharia inafaa, na haizuii daktari.

Ama sala: udhu hautenguki kwa hofu madhali fahamu zipo. Akishindwa kusimama, akae. Akizidiwa kabisa, anaruhusiwa kuikata na kuianza upya akitulia. Ijumaa ikimpita, ataswali Adhuhuri. Tulimshauri aswali safu ya mwisho karibu na mlango, na avute pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya mto, na njia wakati huo ilikuwa pantoni ya Bweni. Akatuambia, "Sheikh, hata pantoni naiogopa." Kaka yake aliyekuwa kando akasema watavuka pamoja Jumatatu asubuhi, kabla upepo haujaanza.