Karanga za Kongwa na Majarini ya Binti Yangu



Novemba iliyopita binti yetu alirudi nyumbani kutoka chuoni na begi la nguo, mzigo wa vitabu, na habari kwamba hali tena nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa, wala asali. Mama yake alikuwa amekwisha kumpikia pilau ya mbuzi. Mimi nilikaa kimya, maana mwanamume aliyekaa mezani kati ya mke na binti hana kinga nyingine. Lakini usiku nilipofungua friji nikakuta kikopo cha majarini kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kimetengenezwa kwa mimea mitupu, na kwamba ni rafiki wa dunia. Nikacheka peke yangu.

"Baba, unacheka nini?"

"Namcheka babu yangu na karanga zake."

Alidhani namkwepa. Basi nilivuta kiti nikamsimulia, na kwa kuwa habari yenyewe inatuhusu sisi sote tunaokula mkate wa Waingereza huku mioyo yetu ikiwa nyumbani, nimeona niiandike na hapa.

Nianze na mji tunaoishi. Wengi wetu tunaijua Leicester kwa ajili ya ndugu zetu Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya mji ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije, na wao wakaja. Ndio waliotuletea mihogo na ndizi za kupika kule Barabara ya Belgrave, na mpaka leo migahawa yao inauza muhogo wa kukaanga kwa jina la "mogo", Kiswahili chetu kilichopoteza silabi njiani. Wengi wao hawali nyama kwa sababu za dini, ingawa maziwa na samli wanatumia. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba ulaji wa mboga uliingia Leicester na watu kutoka kwetu. Sivyo. Miaka 28 kabla yao, hapa hapa Leicester alikuwa akiishi mwalimu wa useremala aitwaye Donald Watson, mzaliwa wa Yorkshire mwaka 1910. Huyo ndiye aliyempa binti yangu jina analojiita.

Waingereza walikuwa na jumuiya ya wala-mboga tangu mwaka 1847, iliyoundwa mjini Ramsgate. Wala-mboga hao waliacha nyama, lakini wengi waliendelea na jibini na mayai. Watson aliona hapo kuna kasoro ya mantiki: ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa nyama ni ng'ombe yule yule, na ndama dume wa ng'ombe wa maziwa ana mwisho unaojulikana. Agosti 1944 yeye na wenzake waliomba wapewe nafasi katika gazeti la jumuiya hiyo kwa ajili ya wasiotumia maziwa. Wakanyimwa. Novemba mwaka huo watu sita wakakutana London na kuanzisha chama chao, Vegan Society. Jina walilipata kwa kuchukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno vegetarian. Majina mengine yaliyopendekezwa yalikuwa kama dairyban, vitan na benevore, kwa hiyo tuwashukuru kwa chaguo lao. Watson alitoa toleo la kwanza la jarida lao kwa peni mbili. Alikufa mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 95, jambo ambalo binti yangu hukumbusha kila ninapomuuliza atapata wapi nguvu.

Lakini tazama mwaka wenyewe, 1944. Ni vita. Tangu Januari 1940 chakula kilikuwa kwa mgao: siagi, sukari, nyama, jibini, kila kitu kwa kuponi. Serikali ilimruhusu mla-mboga arudishe kuponi za nyama apewe jibini zaidi. Sasa mtu ambaye hali hata jibini, afanye nini? Na majarini nayo, ambayo sisi leo tunaihesabu kuwa kitu cha mimea, wakati ule ilitiwa mafuta ya nyangumi. Hebu fikiria mtu aliyekataa kumchinja kuku anapakwa nyangumi kwenye mkate.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 mafuta ya kula yalizidi kuwa adimu. Hapa ndipo babu yangu anapoingia.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wa sabuni na majarini, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Tanganyika. Tume ikatumwa, ikaruka juu ya nchi kwa ndege kwa wiki chache, ikarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, yakiwemo maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliona ardhi tupu. Mtu akiitazama Ugogo kutoka angani wakati wa kiangazi ataona tupu, ni kweli, lakini Mgogo aliyeko chini anajua kwa nini hakulima pale.

Babu yangu alikuwa kijana. Alichukuliwa kibarua, kazi yake kumsaidia dereva wa trekta. Alikuwa akisimulia habari za mashine zile kama wazee wengine wanavyosimulia habari za majini. Matrekta mengine yalinunuliwa kutoka mabaki ya jeshi huko Ufilipino, yakafika yamechoka. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kwa pori lililofungamana, matrekta mawili yalivuta mnyororo mnene wa meli kati yao ili miti iangushwe. Mibuyu iligoma. Nyuki waliokaa katika mapango ya mibuyu walitoka kwa hasira na kupeleka watu hospitali. Babu alisema ni nyuki pekee waliolipwa haki yao Kongwa.

Mimi ni mhandisi wa mitambo, na kinachoniuma zaidi si nyuki bali udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi pamoja na chembe za mchanga mkali. Ukilowa unalimika, lakini jua likishaupiga unakuwa kama zege, na zile chembe zinasaga majembe ya chuma kama msasa. Karanga, kama mjuavyo, huzaa ardhini. Hata pale zilipokubali kuota, kuzing'oa katika udongo ule ilikuwa kazi nyingine. Mvua nazo zikawa haba. Ni mambo ambayo angeweza kuyaeleza mama yeyote mwenye jembe la mkono, lakini katika mpango wa mamilioni ya pauni hapakuwa na kiti cha mama mwenye jembe.

Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango, ikafuta pauni milioni 36 katika vitabu vyake. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa ili Mwingereza apate mafuta yasiyotokana na mnyama ikageuzwa malisho, na Ranchi ya Kongwa inafuga ng'ombe mpaka leo.

Binti yangu alisikiliza yote haya akikitazama kile kikopo. Kisha akasema, "Kwa hiyo Baba unataka nirudi kula mbuzi?"

Sikutaka hivyo, na nisingependa msomaji naye adhani hivyo. Katika hesabu ya ng'ombe yuko sahihi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2013 lilikadiria kwamba mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, na ng'ombe ndiye anayeongoza. Kumlisha mnyama nafaka ili baadaye umle yeye ni kama mashine yenye ufanisi mdogo sana, na ingekuwa imechorwa na kijana wa ofisini kwangu ningemrudishia mchoro. Nilichotaka aone ni kwamba maandishi ya kwenye kikopo yanasema kilichomo ndani tu. Hayasemi pori la nani lilifyekwa. Tulipogeuza kikopo tukakuta mafuta ya mawese. Zaidi ya robo tatu ya mawese ya dunia yanatoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu mingi ilikatwa kupisha michikichi. Si kila mche wa mchikichi una dhambi hiyo, lakini huwezi kujua kwa kulitazama neno "mimea".

Kuna jambo la pili ambalo husikika sana katika mikusanyiko yetu siku hizi, nami silikubali. Watu husema bibi zetu walikuwa vegani bila kujijua. Bibi yangu wa Kigogo angelisikia hilo angecheka mpaka kibiki kimtoke. Kweli, siku nyingi alikula ugali wa uwele na mlenda, na mlenda ukitiwa karanga zilizotwangwa hautaki kitu kingine. Kweli, alikausha majani ya kunde na mlenda juani wakati wa masika yakatufikisha kiangazi bila friji wala umeme. Lakini maziwa ya mgando aliyapenda kuliko wajukuu, na nyama aliikosa tu, hakuikataa. Kumwita mtu aliyekosa kwa jina la aliyekataa ni kumnyang'anya njaa yake.

Nyumbani tumefikia mapatano. Mbuzi anaingia jikoni mara moja moja, na siku nyingine zote tunapika chungu kimoja cha watu wote: makande, mbaazi za nazi, mchicha wa karanga, muhogo wa nazi. Makande ndiyo yaliyonirudisha kwenye fani yangu. Yanataka saa tatu za moto, na gesi ya hapa si ya bure. Wakati wa vita Waingereza walipika kwa sanduku la nyasi kavu: chungu kinachemka, kinaondolewa motoni, kinafukiwa kwenye nyasi, na joto lililomo linamaliza kazi. Siri yake ni ndogo. Maji yakishachemka, moto unaoongeza hauongezi joto, unatengeneza mvuke tu. Kinachotakiwa ni kuzuia joto lisitoroke. Sisi tunatumia kapu kubwa na blanketi mbili za zamani. Tahadhari moja, na naomba isirukwe: maharage mekundu lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu walau dakika kumi kabla ya kuingia kapuni, kwa kuwa yana sumu ambayo joto la kapu peke yake haliiui.

Sharti langu kwa binti lilikuwa vitamini B12. Ilitengwa maabara mwaka 1948, miaka minne baada ya chama cha Watson kuanzishwa, na mimea haikupi ya kutegemewa. Wale wa mwanzo hawakuwa na namna ya kujua, na baadhi yao waliugua. Upungufu wake hauji haraka. Unaweza kujificha miaka, kisha ukashika damu na mishipa ya fahamu. Hivyo kidonge kiko mezani karibu na chumvi, na Vegan Society yenyewe inashauri hivyo hivyo. Alinung'unika kidogo, akameza.

Tulipompigia simu mama yangu Dodoma kumweleza, alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mke wangu asisikie, "Mwanangu, kazi imeisha? Mmekosa hata hela ya nyama?" Nilijitahidi kumweleza habari za gesi na misitu. Akanikatiza, akataka kuongea na mjukuu. Sijui waliambiana nini, waliongea karibu nusu saa. Mwezi wa pili, jirani aliyetoka likizo akatuletea mfuko wa mlenda mkavu uliofungwa kwa kitambaa. Binti aliupika mwenyewe, ukavutika vizuri. Mama amesema safari ijayo atatia na karanga, na kwamba ni za Kongwa, kutoka shamba la jirani yake, robo ekari, zimelimwa kwa jembe la mkono.