Kioo Kinapodanganya

Leo tutazungumza juu ya kuandika kwa mbali.

Fikiri kwamba wewe ni karani wa kakao hapa Mwaya. Daftari la magunia halimo mezani mwako; limo katika kompyuta iliyoko Dar es Salaam. Unaandika, herufi zinasafiri, na kompyuta ile inakurudishia maandishi kiooni. Ghafula mstari wa mkulima mmoja waonekana mara mbili. Unafuta mmoja. Kumbe ulikuwa mmoja tu! Mzee wa watu magunia yake yametoka katika hesabu.

Kosa hili limetoka wapi? Zamani mashine za kuandika kwa mbali zilipiga chapa juu ya karatasi, na neno likisha kupigwa halikuondoka. Baadaye vikaja vioo. Hapo kompyuta ikawa haipeleki herufi tu, bali na amri pia: nenda mstari wa tano, futa mpaka mwisho. Lakini viwanda vilibuni kila kimoja alama zake, na kioo cha huyu hakikufahamu alama za yule.

Mwaka 1976, huko Berkeley, Marekani, kijana Bill Joy alitunga programu ya kuandikia iitwayo vi. Aliitumia kutoka nyumbani kwa waya wa simu, herufi 30 hivi kwa sekunde. Ni polepole mno! Kwa hiyo programu ilipeleka yaliyobadilika tu, si ukurasa mzima. Tena alitengeneza orodha ya aina za vioo na alama zao. Mwaka 1978 kiwanda cha Digital kilitoa kioo cha VT100, na alama zake zaigwa hata leo.

Sasa angalia. Programu iliyo mbali haikioni kioo chako. Inaamini jina iliyopewa na ukubwa ilioambiwa. Jina likiwa silo, au ukikipanua kioo nayo isipate habari, huandika mahali pasipo.

Basi usifute upesi. Bonyeza Ctrl pamoja na L, vi ichore ukurasa upya. Mstari wa ziada ukitoweka, daftari lilikuwa zima. Uchafu ukirudi, toka, ukaandike echo $TERM, usome jina la kioo kama ndilo.

Na yule mzee? Ikiwa hujahifadhi, bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Magunia yake yangalimo Dar es Salaam.