Vyuo Viwili vya Mji Mmoja

Miaka michache ijayo utamaliza masomo ya sekondari, na matokeo yako yakiwa mema, swali zito litakungoja. Je, uombe nafasi katika chuo kikuu cha kibinafsi chenye sifa kubwa, ama katika chuo kikuu cha umma chenye wanafunzi maelfu kwa maelfu? Watu wengi hulijibu swali hili kwa kutazama jina lililoandikwa langoni. Historia hutazama ndani ya lango. Nifuate basi mpaka mji wa New York, Marekani, ambako vyuo viwili vya namna hizo vimekuwa majirani kwa zaidi ya miaka mia moja, na mwendo ulio kati yao hautimii kilometa mbili.

Cha kwanza ni Columbia. Kiliasisiwa mwaka 1754, Wamarekani walipokuwa wangali chini ya mfalme wa Uingereza, na jina lake la kwanza lilikuwa King's College. Baada ya uhuru, mwaka 1784, kilipewa jina jipya. Kilijengwa kwa ardhi, kwa zawadi za matajiri na kwa karo za wanafunzi, kikapata walimu mashuhuri, maktaba kubwa na maabara bora. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Sifa ya Columbia iliundwa kwa fedha nyingi na kwa muda mrefu.

Cha pili ni City College. Mwaka 1847 mfanyabiashara aitwaye Townsend Harris, mwenyekiti wa halmashauri ya elimu ya mji, alitaka kijengwe chuo cha elimu ya juu kwa watoto wa watu wote, matajiri kwa maskini, kwa gharama ya mji. Waliopinga waliichelea kodi: kwa nini mwenye mali alipe ili mtoto wa mwingine apate elimu ya juu? Shauri likapelekwa kwa wapiga kura. 19,305 walikubali na 3,409 walikataa. Chuo kilifunguliwa mwaka 1849. Hakikutoza karo; kilidai kufaulu mtihani wa kuingia. Hata hivyo, hao watoto wa watu wote hawakuwa wote, kwa maana kilipokea wavulana peke yao. Wasichana walisubiri mpaka mwaka 1870, walipofunguliwa chuo chao, ambacho baadaye kiliitwa Hunter.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Wayahudi wengi waliokimbia umaskini na mateso katika Ulaya ya Mashariki walikuwa wamefika New York. Wazazi walishona nguo viwandani, na watoto walisoma kwa bidii. Vijana hao walipobisha hodi katika vyuo vya sifa, milango ilianza kurudishwa. Mwaka 1922 Abbott Lawrence Lowell, mkuu wa Harvard, alipendekeza waziwazi kwamba idadi ya Wayahudi iwekewe mpaka. Columbia nayo ilitia katika fomu zake maswali juu ya dini ya mwombaji na mahali walikozaliwa wazazi wake, na idadi ya Wayahudi ikashuka. Angalia jambo hili, msomaji: watu walidhani kwamba lango jembamba hupitisha akili bora peke yake, kumbe lilipima pia kabila na dini.

Wengi waliokataliwa, na wengine wengi zaidi wasiokuwa na karo, walikwenda City College. Jonas Salk, kijana wa jamaa ya wahamiaji isiyo na mali, aliingia akiwa na umri wa miaka 15, akahitimu mwaka 1934. Mwaka 1955 ilitangazwa kwamba chanjo yake ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ilikuwa salama na yenye nguvu. Kenneth Arrow, ambaye wazazi wake walifilisika katika dhiki ya miaka ya 1930, alikichagua chuo hicho kwa sababu kilikuwa cha bure. Alihitimu mwaka 1940, na mwaka 1972 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Lakini haki hudai tuseme pande zote mbili. Arrow alipohitimu City College alivuka akaingia Columbia, kwa kuwa huko ndiko alikopata mafunzo ya juu ya takwimu na uchumi aliyoyahitaji. Tena lango la umma nalo lilikuwa na ila zake. City College kiko Harlem, mtaa uliojaa watu Weusi, lakini wanafunzi Weusi waliokuwamo walikuwa wachache. Mwaka 1969 wanafunzi Weusi na wale wa asili ya Puerto Rico walifunga milango ya chuo wakidai haki. Mwaka 1970 kila aliyehitimu sekondari mjini aliahidiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo vya mji. Wanafunzi wakaongezeka, fedha zikapungua, na mwaka 1976, mji ulipokuwa karibu kufilisika, karo ikaanza kutozwa. Elimu ya bure iliyoletwa kwa kura iliondoka kwa ukosefu wa fedha.

Mambo haya si mageni kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili mwaka 1970, na Baraton kikawa chuo kikuu cha kwanza cha kibinafsi kupewa hati nchini, mwaka 1991. Wangari Maathai alipitia njia zote mbili: alisoma katika chuo kidogo cha Kikatoliki huko Kansas, akahitimu mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, kisha akapata shahada ya udaktari Nairobi mwaka 1971. Kila mahali alichukua alichokihitaji, na miti aliyoipanda baadaye haikuuliza jina la chuo chake.

Basi siku yako itakapofika, usiulize tu ni chuo gani kinachotajwa sana. Uliza ni nani atakayekufundisha kwa kinywa chake, na darasani mtakuwa wangapi. Uliza kama maabara na vitabu vya somo lako vimo. Uliza ni nani atakayelipa mpaka mwaka wa mwisho, maana karo ya mwaka wa kwanza si karo ya safari nzima, na mdogo wako naye angoja zamu yake. Ukiisha kujibiwa, ingia kwa lango lolote bila majivuno wala unyonge. Na ukiingia kwa lango la umma, kumbuka kwamba wako watu usiowajua, waliolipa kodi ili wewe usome.