Kanuni 21 za samurai asiyemtaja bwana

Mwaka 1645, katika mji wa Kumamoto kusini mwa Japani, mzee wa miaka sitini na ushei aliyekuwa mgonjwa taabani alishika brashi akaandika mistari 21 mifupi. Wiki moja baadaye akafariki. Mzee huyo ni Miyamoto Musashi, na waraka wenyewe unaitwa Dokkodo, njia ya anayekwenda peke yake.

Humo anajikataza mengi. Asijutie lililokwisha kutendeka. Asimwonee mtu kijicho, asihuzunike kwa kuagana, wala asiyaachie mapenzi yamwongoze. Asihangaikie nyumba ya kukaa, asiendekeze chakula kitamu, asijiwekee mali ya kumfaa uzeeni. Miungu na Buddha awaheshimu, lakini asiwategemee.

Neno moja halimo kabisa: bwana. Kwa samurai, hilo ni ajabu kubwa. Samurai alikuwa mtumishi. Alilishwa kwa mchele wa mkuu wa jimbo, akaishi na kufa kwa amri yake. Kwa hiyo wanaozinukuu kanuni hizi kama sheria za samurai wote wanakosea. Ni za mtu mmoja, tena wa pembeni.

Musashi alianza kupigana akiwa na miaka 13, na mwenyewe aliandika kwamba kabla ya kufika 30 alikwishapambana zaidi ya mara 60 bila kushindwa. Pambano linalosimuliwa zaidi ni la mwaka 1612, alipomuua Sasaki Kojiro kwenye kisiwa kidogo. Inasemekana silaha yake ilikuwa upanga wa mti aliouchonga kutoka kwenye kasia. Baada ya hapo alitangatanga kwa miaka mingi. Mwaka 1640 Hosokawa Tadatoshi, mkuu wa jimbo la Higo, alimkaribisha Kumamoto kama mgeni wa heshima, akampa posho ya mchele. Mwaka uliofuata Tadatoshi akafa. Mwaka 1643 Musashi akajitenga katika pango la Reigando, nje ya mji, akaanza kuandika kitabu chake cha mbinu za upanga.

Hivyo basi, aliyeandika kwamba haendekezi chakula kitamu alikuwa akila mchele wa ukoo wa Hosokawa. Kanuni nyingine inasema kwamba, silaha kando, hajishughulishi na zana nyingine. Ilhali mkono huohuo ulichora kwa wino ndege mbuai akiwa juu ya tawi kavu, picha ambayo Wajapani wanaihifadhi hadi leo.

Miongo kadhaa baadaye, katika jimbo la Hizen, Yamamoto Tsunetomo naye alijitenga na watu, ila kwa sababu tofauti kabisa. Bwana wake alifariki mwaka 1700, na kwa kuwa sheria ilimzuia kujiua ili amfuate, alinyoa kichwa akawa mtawa. Maneno yake yalikusanywa katika kitabu cha Hagakure, na humo bwana ndiye kila kitu.

Kitu kimoja Musashi hakukubali kukiacha. Mwili unaweza kutupwa, aliandika, lakini heshima ya jina haitupwi. Mwaka 1654 Iori, mwanawe wa kupanga, alisimamisha mnara wa jiwe huko Kokura, wenye maandishi ya herufi zaidi ya elfu moja yanayosimulia mapambano ya baba yake. Kuanzia mwaka 1935 gazeti la Asahi likachapisha kwa mfululizo riwaya ya Yoshikawa Eiji kumhusu, na Wajapani wengi wanamjua zaidi Musashi wa riwaya hiyo kuliko yule wa pangoni.