Korona ilipovuruga ununuzi wa makampuni

Kampuni kubwa haiuzwi na kukabidhiwa siku moja. Baada ya saini hupita miezi ya kusubiri vibali vya serikali na fedha za mikopo. Kampuni ikiharibika katika miezi hiyo, nani abebe hasara? Wanasheria wa Marekani walijibu kwa kifungu cha "athari mbaya kubwa", kinachomruhusu mnunuzi kujitoa hali ya kampuni ikizorota vibaya. Muuzaji naye hujikinga kwa kuorodhesha mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyatumia kama sababu: vita, mdororo wa uchumi, mabadiliko ya sheria.

Kwa muda mrefu kifungu hicho hakikumwokoa mnunuzi yeyote katika Mahakama ya Chancery ya Delaware, jimbo ambako makampuni mengi makubwa ya Marekani yamesajiliwa. Mwaka 2001 Tyson, wauza kuku, walitaka kuikwepa IBP, kampuni ya nyama ya ng'ombe. Jaji Leo Strine akawalazimisha kununua, kwa kuwa faida kushuka kwa muda mfupi hakutoshi. Ni mwaka 2018 tu ambapo Fresenius ya Ujerumani iliruhusiwa kuiacha Akorn, kampuni ya dawa.

Kisha ikaja Korona, ikaikuta mikataba ya 2019 mezani. LVMH ya Ufaransa, wauza bidhaa za anasa, ilikuwa imekubali kuinunua Tiffany, wauza vito, kwa dola bilioni 16.2. Orodha ya kinga za muuzaji katika mkataba wao ilitaja hata maandamano ya Hong Kong, ila haikutaja magonjwa ya mlipuko. Walishtakiana Septemba 2020, na mwezi uliofuata wakapatana kwa bei pungufu kidogo.

Kesi iliyofundisha zaidi ni ya hoteli 15 za kifahari za Marekani, mali ya Anbang ya China, zilizokuwa zinanunuliwa na Mirae ya Korea Kusini kwa dola bilioni 5.8. Mkataba wa Septemba 2019 haukuwa na neno "janga la ugonjwa". Hata hivyo, Novemba 2020 Jaji Travis Laster aliamua kwamba maneno "majanga ya asili na maafa" yanatosha kulijumuisha. Katika hoja hiyo muuzaji akashinda.

Kesi yenyewe akaipoteza. Kifungu kingine kilimtaka aendeshe biashara kama alivyozoea hadi siku ya makabidhiano, naye alikuwa amefunga hoteli mbili, amepunguza huduma katika nyingine na kuwasimamisha kazi maelfu ya wafanyakazi. Alijitetea kwamba wenye hoteli wote walifanya hivyo. Jaji alisema kipimo ni mazoea ya kampuni yenyewe. Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo iliafiki, ikaeleza kwamba alipaswa kuomba kwanza ridhaa ya mnunuzi, ambaye asingeweza kukataa bila sababu ya msingi.

Hukumu hiyo ni kali, maana kuzifunga hoteli wakati ule kulilinda watu. Lakini naiona ya haki. Hakuna aliyemtaka muuzaji ahatarishe maisha ya mtu. Alitakiwa aulize, na barua ya kuomba ridhaa ingeweza kutumwa siku ileile.

Wanunuzi hawakushinda kila mahali. Aprili 2021 Jaji Kathaleen McCormick aliiamuru kampuni ya uwekezaji ya Kohlberg ikamilishe ununuzi wa DecoPac, wauzaji wa mapambo ya keki, kwa dola milioni 550. Mauzo yalikuwa yameporomoka kwa wiki chache tu, kisha yakaanza kupanda.

Tangu hapo mikataba mingi hutaja magonjwa ya mlipuko kwa jina, na humruhusu muuzaji kuchukua hatua za kiafya bila kuhesabiwa kuwa amevunja ahadi.