Gari Lililokunywa Mafuta ya Taa

Wapenzi wa magari ya kale ya Marekani wana udhaifu mmoja: huyapenda yaliyoshindwa sokoni. Wataisimulia Edsel ya Ford, au Tucker ya mwaka 1948 yenye taa ya tatu katikati ya uso wake. Lakini linalowanyima usingizi ni lile ambalo halikuwahi hata kufika sokoni.

Mwaka 1963 na 1964, kampuni ya Chrysler iliunda magari 50 ya turbaini, injini ya jamii ya zile zinazorusha ndege za jeti. Bodi zilitengenezwa kwa mkono na mafundi wa Ghia mjini Torino, Italia, zikavushwa bahari hadi Detroit kutiwa mitambo. Yote 50 yalikuwa na rangi ya shaba.

Ndani hamkuwa na pistoni, wala rejeta ya maji. Plagi ilikuwa moja tu. Gari lilikunywa karibu kila kiwakacho: dizeli, mafuta ya taa, hata mafuta ya kupikia. Rais wa Mexico, Adolfo López Mateos, aliliendesha kwa tekila, na likaenda! Kilicholidhuru, ajabu, ni petroli ya siku zile, kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochanganywa humo.

Chrysler iliwaazima raia 203 magari hayo, kila mmoja miezi mitatu, bure, ajinunulie mafuta tu. Walisifu injini isiyotetemeka. Walilalamika kwamba ukikanyaga mafuta unasubiri kidogo kabla gari halijaitika, na kwamba hata likiwa limesimama kwenye taa nyekundu, injini huzunguka kiasi cha mara 18,000 kwa dakika, ikifyonza mafuta. Mlio wake ulikuwa wa ndege inayojiandaa kuruka.

Majaribio yalikoma mwaka 1966. Ukijumlisha matano ya awali, magari yalikuwa 55. Chrysler iliharibu 46. Wengi husingizia ushuru wa bodi za Italia. Mimi naona kampuni iliogopa zaidi kuyakuta kwa wauza magari yaliyotumika, yakiwa yametiwa injini za kawaida.

Tisa yaliyosalia mengi yamo makumbusho, likiwemo la St. Louis ambalo bado huwashwa. Mchekeshaji Jay Leno alinunua moja kutoka Chrysler yenyewe, naye huliingiza barabarani California. Spea hakuna duka linalouza. Kikivunjika kitu, sharti fundi akichonge upya.