Gari au Ndege? Tuliyojifunza kwa Njia za Mang'ula



Kila skuli zikikaribia kufungwa, wateja wanaokuja kupimwa nguo hutuuliza swali moja: tukienda likizo bara, tupande ndege au tuchukue gari? Maharusi ndio wanaouliza zaidi. Zamani fungate ilikuwa siku saba za ndani, biharusi hatoki, analetewa chakula na somo wake yuko karibu. Siku hizi wengi wanataka fungate ya kusafiri, na jamaa nao wanataka likizo ya pamoja, mizigo na watoto juu. Mwaka huu swali hilo lilitufika wenyewe mlangoni. Tumeona tulijibu kwa historia, maana historia ndiyo iliyotusaidia kuamua.

Mama yetu ni mzaliwa wa Mang'ula, katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Amekaa Unguja tangu alipoletwa biharusi. Katika watoto wa bibi, kule amebaki mmoja tu, dada yake, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa. Macho yake yamepungua sana. Mwanzoni mwa mwaka alitupigia simu akasema, "Mwambieni mdogo wangu aje nimshike mkono kabla sijawa wa kuhadithiwa." Mama alinyamaza siku nzima.

Tukakaa kupiga hesabu. Mama ana magoti mabovu, hakai garini muda mrefu. Ndege ya kwenda Dar es Salaam ni kama dakika 20, na kutoka hapo zipo ndege ndogo zinazoweza kutua kwenye viwanja vidogo vya bondeni. Lakini fedha tuliyokuwa nayo ingewapeleka watu wawili tu kwa ndege. Kwa njia ya chini ingetupeleka sote saba, wajukuu wakiwemo. Tukaanza kuvutana. Mmoja wetu anasema mama asiteswe, mwingine anasema watoto nao wana haki ya kumjua mama mkubwa wao. Ndipo mama akatuuliza, "Kwani nyinyi mnajua mimi nilikujaje huku?"

Safari ilipopimwa kwa miguu

Mang'ula iko chini ya milima ya Udzungwa, upande wa mashariki, mahali msitu unaposhuka mpaka karibu na nyumba za watu. Mbele yake ni bonde pana la mto Kilombero, ambalo masika hujaa maji. Wandamba wa bonde hilo wanajulikana tangu zamani kwa uvuvi na mitumbwi, kwa sababu wakati wa mafuriko mtumbwi ndio uliokuwa mguu wa mtu. Wakati wa kiangazi watu walitembea. Safari ilihesabiwa kwa siku, na aliyeondoka aliagwa kama atakayechelewa kurudi.

Hili lisitushangaze sisi Waislamu. Dini yetu ilishuka kwa watu wa misafara, na Sura ya Quraysh inawakumbusha Makuraishi safari zao za kipupwe na za kiangazi. Hata ruhusa ya kupunguza sala, ambayo leo tunaitumia tukiwa ndani ya ndege, masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii wanaipima kwa marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa msafara wenye mizigo. Kwa hesabu za leo ni kilomita 80 na zaidi. Kipimo kimetoka kwenye unyayo wa ngamia, na bado kinatuhudumia.

Reli iliyojengwa kwa mkopo usio na riba

Mama alikuwa mtoto wa kiasi cha miaka 10 Wachina walipofika Mang'ula. Mkataba wa reli ya Tanzania na Zambia ulitiwa saini Beijing, Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa rasmi Oktoba 1970. Sababu yake ilikuwa siasa na shaba. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, ambayo haina bahari, ikawa haina njia salama ya kusafirishia shaba yake. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda waliomba msaada nchi za Magharibi wakaambiwa reli hiyo haitalipa. China ikakubali, tena kwa mkopo usio na riba. Dada zangu, hilo tumelipenda kulitaja. Reli ndefu ya kilomita 1,860, yenye mahandaki 22 na madaraja zaidi ya 300, ilijengwa bila riba.

Mang'ula palikuwa na kambi kubwa ya ujenzi pamoja na karakana ya mashine. Mama anakumbuka taa zikiwaka usiku mahali palipokuwa giza tangu kuumbwa kwake. Kazi haikuwa nyepesi. Vijana wengi wa Kitanzania walifanya kazi humo, na baadhi ya Wachina waliofia kwenye kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Watu wakaiita Reli ya Uhuru.

Milimita 67

Kuna jambo moja ambalo fundi cherehani yeyote atalielewa haraka. Kabla ya reli hii, tayari palikuwa na tawi la reli kutoka Kilosa mpaka Kidatu, jirani tu na Mang'ula, lililofunguliwa mwaka 1965. Lakini reli ile ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ya Uhuru ina milimita 1,067, kama reli za Zambia na nchi za kusini. Tofauti ni zaidi kidogo ya inchi mbili na nusu kwenye futi kamba yetu. Kwa inchi hizo, behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Reli mbili zikakutana Kidatu zisishikane, na mizigo ikalazimika kushushwa na kupakiwa upya.

Tulipomsikia mama akisimulia haya tulicheka, kwa sababu ndivyo tulivyo sisi na hesabu za safari. Mtu anapima ndege peke yake, halafu gari peke yake, anasahau pale zinapokutana. Nauli ya ndege inaishia uwanjani. Ukishatua utahitaji gari lile lile ulilolikimbia. Na ndege ndogo nyingi hupima mzigo mpaka kilo 15 tu kwa mtu, mkoba laini. Biharusi mwenye masanduku ya nguo alifikirie hilo kabla hajakata tiketi.

Nani alibaki stesheni

Treni ilibadilisha bonde. Vijiji vilisogezwa karibu na reli wakati wa ujamaa, na wanawake wakaanza kupeleka mchele na ndizi kwenye stesheni za mbali. Mtu aliyekuwa hajavuka mto akawa anajua bei za sokoni Makambako.

Na kwa treni hiyo mama akaolewa. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa Unguja aliyepata kazi bara. Ndoa ilifungwa Mang'ula mwaka 1979. Nauli ya kumsindikiza biharusi mpaka Dar es Salaam, kisha meli mpaka Unguja, ilitosha watu wachache. Wakaenda baba yake na kaka yake kama mahram. Bibi alimsindikiza mpaka stesheni ya Mang'ula, akamfunga mtandio vizuri, treni ilipoondoka akarudi nyumbani kwa miguu. Hakuwahi kuiona Unguja wala nyumba ya mwanawe. Alipofariki, habari zilimfikia mama siku ya nne.

Mama alipofika hapo alisema, "Njia ilikuwepo. Ila haikututosha sote." Baada ya maneno hayo hatukubishana tena kuhusu ndege.

Lami ilipofika

Wakati Wachina wanajenga reli, barabara kuu ya kwenda Zambia nayo ilikuwa inajengwa, kwa sehemu kubwa kwa msaada wa Marekani. Ndiyo hiyo inayotoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, halafu inakata ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Lakini ukiiacha barabara kuu pale mjini Mikumi na kushika njia ya Ifakara, mambo yalikuwa mengine. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kidatu hadi Ifakara, kama kilomita 67, ilikuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Miaka ya karibuni ndipo lami ilipowekwa.

Mbele ya Ifakara watu wa kwenda Mahenge walivuka mto Kilombero kwa pantoni mpaka daraja lilipokamilika. Daraja hilo la mita 384 lilizinduliwa Mei 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza safari kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Kwa hiyo mwanamke wa leo anayetoka Unguja ana njia nyingi kuliko bibi yetu alizoweza hata kuziota.

Tulivyoamua

Tuligawa safari. Sote saba tulipanda boti asubuhi mpaka Dar es Salaam, tukalala kwa jamaa. Siku ya pili mama, sisi na watoto tulipanda treni ya umeme mpaka Morogoro, safari isiyofika saa mbili, mama amekaa miguu imenyooka. Waume zetu walitangulia alfajiri na Noah ya kukodi, wakatupokea stesheni. Kutoka Morogoro tulisimama kila baada ya saa moja. Tulisali adhuhuri na alasiri kwa kupunguza na kukusanya, tukala chapati na maharage tuliyofunga, mama akanyoosha magoti. Mikumi watoto waliona twiga kando ya barabara. Mji wa Mikumi mpaka Mang'ula ni kama kilomita 65 tu, na jua lilikuwa bado halijazama tulipofika. Treni ya Uhuru tuliitamani, lakini haiendi kila siku na siku zetu hazikulingana nayo.

Mama mkubwa alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba. Hakumwona mama, alimsikia. Alimshika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Umenenepa, alhamdulillah." Kisha akaanza kuuliza majina ya watoto, mmoja mmoja, huku akiwagusa vichwa. Angekuja mama na mtu mmoja kwa ndege, vichwa hivyo asingevigusa.

Kesho yake tulimwombea dua bibi. Halafu mama aliomba apelekwe stesheni. Alisimama pale dakika chache tu, hakusema neno, akatwambia twende. Watoto nao walitaka Udzungwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, lango lake kuu liko hapo hapo Mang'ula, na haina barabara za magari ndani. Aliyekuja kwa ndege na aliyekuja kwa basi wote wanapanda kwa miguu kwenda kuona maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa kama mita 170. Tukacheka wenyewe kwamba baada ya mabishano yote, mwisho wake ni miguu kama zama za kale.

Kwa wewe unayepanga

Hatusemi ndege ni anasa. Kwa mgonjwa, kwa mama mjamzito aliyekatazwa mtikisiko, kwa anayewahi mazishi, ndege ni rehema. Kama mama yetu angepewa habari mapema na nauli ya ndege, labda angemzika mama yake. Na maharusi wawili wasio na watoto, wenye siku nne tu, huenda ndege ikawafaa kuliko barabara.

Tunachoomba ni kwamba usianze na swali la haraka. Anza kwa kuuliza safari ni ya nani, na kila njia itamwacha nani stesheni. Kisha piga hesabu mpaka mlangoni unapokwenda, si mpaka uwanjani. Kama ni masika, Machi mpaka Mei, uliza hali ya barabara na mito kwa wenyeji kabla hujalipa. Kwa suala la mahram na sala za safari muulize sheikh wako mapema, usingoje uko bandarini. Na usisahau dua ya kupanda chombo, kwa sababu boti, treni, gari na ndege zote hazikutiishwa kwa nguvu zetu.

Kuunga udugu ni ibada, na ibada ina gharama yake. Mwaka huu tulilipa kwa uchovu badala ya fedha, na magoti ya mama yaliuma siku tatu baada ya kurudi. Tukimuuliza kama anajuta, anatuuliza lini tunarudi.

Mwenyezi Mungu awasalimishe wasafiri wote, awarehemu waliotutangulia, na asimfanye yeyote kati yetu kuwa wa kusindikiza tu. Amin.